Sura ya Saba: Si Kila Kirefu ni "Tall"

Kibakwe iko kusini mwa mji wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, upande ule ambako tambarare kavu ya kati inakutana na milima ya Rubeho. Nimeichagua kwa sura hii kwa sababu mwanafunzi wa huko akiambiwa aandike insha kuhusu kwao, hamalizi ukurasa bila kulihitaji neno -refu. Ana milima mirefu mbele ya macho yake. Ana barabara ndefu ya kwenda wilayani. Kuna kisima kirefu, mahindi marefu, alizeti ndefu, na kiangazi kirefu kinachoanza mvua zikishakatika. Mzizi ni mmoja, na kuupachika viambishi ni kazi aliyoijua kabla hajaanza darasa la kwanza: kisu kirefu, kamba ndefu, watu warefu, miti mirefu. Hakosei hata akiwa na usingizi.

Kisha mwalimu anasema: sasa iandikeni kwa Kiingereza.

Tazama kifungu hiki. Nimekitunga mwenyewe, lakini makosa yake ni yale yale ninayokutana nayo kwenye madaftari ya Kidato cha Kwanza na cha Pili:

"Our village is under tall mountains. The road to Mpwapwa is tall. My father is high than my uncle. At school we have a long well. Behind our house the maize are high."

Mtu anayejua Kiswahili anaelewa kila sentensi hapo, kwa sababu chini ya maneno hayo anasikia Kiswahili. Asiyekijua anapotea. Barabara iliyo "tall" kwake imesimama wima kuelekea mawinguni. Kisima kilicho "long" kimelazwa ardhini, na hajui maji yanatekwa vipi. Kuhusu baba aliye "high" nitasema baadaye, maana kosa hilo lina hatari yake peke yake.

Mwanafunzi halaumiki. Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, iwe ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 au ile ya TUKI ya mwaka 1996, utafute "tall": utakuta -refu. Tafuta "long": -refu. Nenda kwenye "high", nayo inakurudisha kwenye -refu na juu. Kamusi imesema kweli, ila haikumwambia mwanafunzi achague vipi. Anapotoka kwenye -refu kwenda Kiingereza anakuta maneno kadhaa yamepangwa mstarini, na mkono unachukua la kwanza, au lile analolikumbuka. Walimu wengi huishia kumkaririsha orodha: mti ni "tall", mlima ni "high", mto ni "long", bahari ni "deep". Orodha hiyo inamfikisha mahali, lakini siku akitaka kuandika juu ya ukuta, rafu, nywele au mtoto mchanga, orodha imekwisha na yeye yuko peke yake.

Mimi nashikilia kwamba Mswahili tayari anajua kuchagua. Ujuzi huo anao ndani ya Kiswahili chake, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba unamfaa anapoandika Kiingereza.

Sikiliza watu wanavyolieleza tuta la Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Ukisema tu kwamba tuta lina urefu wa mita 131, msikilizaji atauliza, na akisikia tena kwamba lina urefu wa mita 1,025 atadhani mmoja wenu amekosea. Kwa hiyo msemaji anaongeza maneno mawili: mita 131 kwenda juu. Ile 1,025 ni ya kutoka upande mmoja hadi wa pili. Msikilize na fundi wa visima. Haridhiki kusema kisima kina mita 120, atakwambia mita 120 kwenda chini. Hakuna aliyewafundisha darasani kusema hivyo. Kiswahili kinapoona -refu peke yake haitoshi, kinauliza swali lake chenyewe: urefu wa kwenda wapi?

Swali hilo ndilo unalotakiwa kujiuliza kabla ya kuandika neno la Kiingereza. Urefu unakwenda chini? Andika "deep". Unakwenda mbele, kutoka hapa hadi kule? Andika "long". Ni urefu wa muda? "Long" tena, maana Kiingereza nacho huuona muda kama njia ya kwenda mbele: maisha marefu, hotuba ndefu, kiangazi kirefu, yote ni "long". Unakwenda juu? Hapo simama kidogo, kwa sababu kwenda juu kuna maneno mawili, na hapo ndipo penye kazi.

Tuanze na kwenda chini, maana ni rahisi. Kisima, shimo, mto kwa kina chake, bwawa, kidonda: vyote ni "deep". Wahandisi wa maji wana majina yao hasa. Kisima kirefu kinachochorongwa kwa mtambo wanakiita "borehole", na kisima kifupi ni "shallow well". Kijiji kikiandika barua kwa mfadhili kuomba "long well", mfadhili mwenye nia njema atakisia, lakini barua imeshapunguza uzito wake kabla hajafika aya ya pili. Ndivyo ilivyo pia kwa machimbo. Huko Winza, katika wilaya hiyo hiyo ya Mpwapwa, rubi zilipopatikana karibu na mwaka 2007 wachimbaji wadogo walimiminika kuchimba. Mashimo yao kwa Kiswahili ni marefu, kwa Kiingereza ni "deep pits". Kwa wahandisi wa migodi "longhole" ni jina la namna fulani ya kuchoronga na kulipua miamba, kwa hiyo mwandishi wa habari anayeandika "long holes" anaweza kueleweka kwa jambo ambalo halipo kabisa.

Maziwa yetu yanafundisha vizuri hapa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Kwa Kiswahili ukisema ni ziwa refu sana, sijui umekusudia lipi kati ya hayo mawili, ndiyo maana tuna neno kina. Kwa Kiingereza ni "the longest freshwater lake in the world", na ni "the second deepest", baada ya Baikal ya Urusi. Ziwa Viktoria ni kubwa kuliko Tanganyika kwa eneo, lakini kina chake hakifiki mita 100. Ukiandika Viktoria ni "deep" kwa sababu tu ni kubwa, mwalimu wa jiografia atakukata alama, na atakuwa na haki.

Kwenda mbele nako hakuna tabu: barabara, reli, mto, kamba, foleni, sentensi, daraja. Kumbuka tu kwamba vazi linapimwa hivyo hivyo. Gauni refu ni "long dress" na suruali ndefu ni "long trousers", hata kama aliyevaa amesimama.

Sasa kwenda juu.

"Tall" hupima kitu kuanzia mguuni pake hadi kichwani pake. "High" hupima umbali wa kutoka chini hadi mahali kitu kilipo, au hadi kilele chake. Tofauti ni ndogo ukiisoma, na kubwa ukiitumia. Mtu ana miguu na kichwa, basi ni "tall". Mti una shina na kilele, ni "tall". Mnara, mlingoti, shina la alizeti, twiga, ghorofa jembamba: vyote vimesimama juu ya miguu yao na vina kichwa. Rafu iliyofungwa ukutani haina miguu, ipo tu juu, kwa hiyo ni "high". Dari ni "high". Tai anayezunguka juu ya Rubeho yuko "high", ingawa yeye mwenyewe akitua chini hafiki kiunoni mwako.

Dodoma yenyewe ni mfano bora kuliko yote. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bado ni tambarare inayoonekana hadi macho yachoke. Kwa Kiingereza nchi ya namna hiyo ni "a high plateau". Haiwezi kuwa "tall", kwa kuwa haikusimama, imekaa tu mahali pa juu. Mwanafunzi wa Kibakwe anayeandika kuhusu mkoa wake ana neno lake hapo, na akilitumia sawasawa amemwambia msomaji wa mbali jambo ambalo wengi hawalijui: kwamba ukavu wa Dodoma ni ukavu wa nyanda za juu, wenye usiku wa baridi mwezi wa Juni na Julai.

Je, mlima? Mlima umesimama, una mguu na una kilele, na bado Kiingereza huuita "high". Sababu ni kwamba mlima kwa kawaida tunaupima kutoka usawa wa bahari: Kilimanjaro ni mita 5,895 kutoka baharini, wala si kutoka Moshi. Lakini pale wanajiografia wanapotaka kupima kutoka mguuni hasa, wanabadilisha neno. Mlima Everest, wenye mita 8,849, ni "the highest". Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, unatokeza mita zipatazo 4,200 tu juu ya bahari, ila mguu wake uko sakafuni mwa Pasifiki, na ukipimwa kutoka huko hadi kileleni unazidi mita 10,000. Huo wanauita "the tallest". Kwa hiyo anayekwambia "tall mountain" ni kosa daima anakudanganya kidogo. Kusema kweli, Waingereza na Wamarekani wenyewe huandika "tall mountains" mara kwa mara. Kwa mwanafunzi nashauri abaki na "high" mpaka atakapokuwa na sababu ya kupima mlima kutoka mguuni.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika unaota kwenye bonde la Kilimanjaro. Ni mkukusu wenye mita 81.5. Jambo hilo linaandikika kwa sentensi moja ya Kiingereza ambayo ningependa kila darasa liiandike ubaoni: "Africa's tallest native tree grows on Africa's highest mountain." Kwa Kiswahili ni mti wa asili mrefu kuliko yote juu ya mlima mrefu kuliko yote. Sasa badilisha sifa ya kwanza, useme "highest tree", na maana imehama. Utakuwa umetaja mti ulioota mahali pa juu kuliko mingine, hata ukiwa kichaka cha mita mbili kinachopigwa na baridi karibu na theluji.

Twiga nimtenge, maana ndani yake mna kanuni nyingine. Twiga ni mrefu, ana shingo ndefu na miguu mirefu. Kwa Kiingereza twiga ni "tall", lakini shingo ni "long" na miguu ni "long". Shingo hiyo inakwenda juu kabisa, juu ya miiba ya migunga, na Kiingereza hakijali. Kiungo cha mwili hakina mguu wake na kichwa chake, ni kipande kinachotoka hapa hadi pale, kwa hiyo hupimwa kwa "long": nywele, mikono, vidole, masikio ya sungura, pembe za ng'ombe wa Ankole. Mtu akiandika "she has tall legs" anachekwa bure kwa kosa ambalo sekunde mbili za kujiuliza zingelizuia.

Na mtoto mchanga? Hapa Kiingereza kinanifurahisha. Mtoto ambaye hajasimama hupimwa akiwa amelala, na wauguzi husema ana sentimita 50 "long". Shirika la Afya Duniani linafuata utaratibu huo katika viwango vyake vya ukuaji: chini ya miaka miwili mtoto hupimwa urefu akiwa amelazwa, na kuanzia miaka miwili hupimwa kimo akiwa amesimama. Siku anapopimwa amesimama, anakuwa "tall". Sisi nasi tuna kimo na urefu, na mama anayempeleka mwanawe kliniki anaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa.

Nilisema nitarudi kwa baba aliye "high". Mtu akiwa "high" kwa Kiingereza cha leo amevuta bangi au ametumia dawa nyingine za kulevya. Hiyo ndiyo maana ya kwanza inayomjia msomaji. Sasa chukua kijana anayeomba kazi ya ulinzi. Matangazo ya kazi hizo mara nyingi hutaja kimo kwa futi na inchi, naye ana kimo kizuri, kwa hiyo anaandika kwa fahari: "I am high and strong." Hajakosea tahajia wala nyakati. Amekosea neno moja la sifa, na neno hilo limesema kinyume cha kila alichotaka kusema kuhusu tabia yake. Alichopaswa kuandika ni "I am tall and strong", au, akitaja kipimo, "I am five feet nine inches tall", kipimo kikitangulia na sifa ikifuata. Katika sura nzima, kosa hili ndilo ningependa usilifanye kamwe.

Kuna mahali ambapo maneno haya mawili yanakaribiana sana, nami sitaki kukuficha. Ukuta unaweza kuwa "high" au "tall". Wengi husema "high wall" kama ukuta ni mrefu kwenda mbele pia, kama tuta la Bwawa la Mtera ambalo magari ya barabara ya Dodoma na Iringa hupita juu yake. Nyasi ni "long grass" kwa Waingereza na "tall grass" kwa Wamarekani wengi. Mahindi ni "tall", lakini ukiyapima kwa mwili wako yanakuwa "knee-high" yakifika magotini na "waist-high" yakifika kiunoni. Anayejifunza asiogope sehemu hizi. Hata akichagua moja kati ya mawili, hapotezi msomaji. Nguvu zake aziweke kwenye yale yanayopoteza msomaji: barabara, kisima, mtu.

Ukiwa na shaka, geuza. Kiswahili tunasema -fupi kwa yote, lakini Kiingereza kinagawanya upande wa pili vilevile. Kinyume cha "tall" na cha "long" ni "short". Kinyume cha "high" ni "low". Kinyume cha "deep" ni "shallow". Wanafunzi wengi wanalijua "low" na "shallow" vizuri, kwa hiyo waulize: ukuta ungekuwa mfupi ungesema "low"? Basi ukiwa mrefu ni "high". Meza fupi ni "low table". Mto usiofika magotini ni "shallow river", na hapo ukigeuza unapata "deep".

Kulinganisha kuna mtego wake, nao unatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Sisi sifa haibadiliki: baba ni mrefu, baba ni mrefu kuliko mjomba, baba ni mrefu kuliko wote. Kazi yote inafanywa na kuliko. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika "tall than", akiamini "than" imeshamaliza kazi, kama kuliko inavyoimaliza. Mwingine anakumbuka neno zaidi na kuandika "more tall". Kiingereza kinataka sifa yenyewe iongezwe mwishoni: "taller than", "the tallest"; "deeper", "longer", "higher" hivyo hivyo. Mswahili amezoea kuongeza mwanzoni mwa neno, kirefu, virefu, ndefu. Hapa aongeze mwishoni.

Sasa kile kifungu cha mwanzo kinaweza kusahihishwa, na tukipite neno kwa neno. "Our village lies below high mountains." Milima inapimwa kutoka baharini, ni "high", na "under" imeondoka kwa sababu kijiji hakikufukiwa chini ya milima, kiko bondeni. "The road to Mpwapwa is long." Urefu wa kwenda mbele. "My father is taller than my uncle." Baba ana miguu na kichwa, na sifa imeongezwa mwishoni. "Our school has a deep well." Urefu wa kwenda chini. "The maize behind our house is tall." Mmea umesimama, na "maize" kwa Kiingereza haihesabiki, hivyo inachukua "is" ingawa kwetu mahindi ni mengi. Kifungu hiki sasa kinaweza kusomwa na mtu wa Manila au wa Oslo, naye akaiona Kibakwe.

Misemo nitaitaja kwa ufupi, ila mmoja una madhara. Hadithi ndefu ni "long story". "Tall story" ni hadithi iliyotiwa chumvi, yaani uongo wa kunogesha. Mwanafunzi anayeandika kwamba babu yake aliwasimulia "a tall story" kuhusu njaa ya zamani, akikusudia kwamba babu alisimulia kwa saa nzima, amemwita babu yake mwongo. "Tall order" nayo ni kazi ngumu kuliko uwezo. Usingizi mzito ni "deep sleep", sauti nzito ni "deep voice", homa kali ni "high fever", na Mahakama Kuu ni "High Court". Hapo Kiswahili hakikutumia -refu kabisa, kwa hiyo mtu hujifunza msemo mzima.

Wasemaji wengine wa Kiswahili wanakutana na mambo haya haya kwa lugha nyingine. Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi anayeandika Kifaransa analazimika kumwita mtu mrefu "grand", mlima "haut", barabara "longue" na kisima "profond", na akisema "un homme haut" anakosea kama yule wa "high". Mswahili wa Maskati ana nafuu kidogo: Kiarabu humwita mtu na njia kwa neno moja, "tawil", ila kisima kina lake, "amiq". Kila lugha imegawa urefu inavyopenda. Hata Kiingereza hakikugawa hivi siku zote. Enzi za Shakespeare, mtu aliyeitwa "tall" mara nyingi alikuwa mtu shujaa, hodari wa silaha, na maana ya kimo ilishika nafasi polepole kuanzia karne ya 16. Mwalimu Nyerere, alipotafsiri Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969, alikuwa anapambana na Kiingereza cha zama hizo. Anayezisoma tamthiliya hizo kwa lugha yake ya asili asidhani kila "tall" ndani yake ilipimwa kwa rula.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linawahusu walimu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na mtoto hukutana na Kiingereza cha kufundishia anapoingia sekondari. Mtoto wa Kibakwe anaweza kuwa alianza na Kigogo nyumbani, akaongeza Kiswahili, na sasa anaambiwa fizikia na insha ni kwa Kiingereza. Katika shule nyingi anakuta kibao kinachomkataza kusema Kiswahili ndani ya eneo la shule, na akikamatwa anaadhibiwa. Nia ya kibao hicho naielewa. Wazazi wanataka watoto wao wakijue Kiingereza, na mazoezi ni ya lazima. Lakini lile swali lililobeba sura hii, urefu wa kwenda wapi, haliulizwi kwa Kiingereza. Mwingereza halihitaji, kwa sababu lugha yake imeshamjibia kabla hajauliza. Ni swali la Kiswahili, na mwanafunzi anayekatazwa Kiswahili ananyang'anywa chombo kile kile ambacho kingemfikisha kwenye "deep" badala ya "long".

Ndivyo ilivyo na maneno mengine ya sifa yatakayokuja katika sura zinazofuata. -Kali ni kisu, jua, mbwa, pilipili na mwalimu, na kila kimoja kina neno lake la Kiingereza. -Zito ni mzigo, uji, usingizi na swali. Kila mara njia ni hiyo hiyo: uliza kwanza kwa Kiswahili, ukali wa namna gani, uzito wa namna gani, kisha chagua.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiingereza wa Kidato cha Kwanza: toeni dakika kumi za kipindi kimoja, tokeni nje na wanafunzi, waonyesheni mlima, barabara, kisima na mti, na waulizeni kwa Kiswahili urefu wa kila kimoja unakwenda wapi. Kisha warudi ndani na waandike kwa Kiingereza.